Uzoefu wangu na mashine ya FTIR kwenye mafuta ya karafuu: wachakachuaji hawaipendi

Mashine yenyewe ni FTIR ndogo ya mezani, yaani mashine ya kutambua kemikali kwa mwanga wa infraredi, ya mtumba, ina ATR ya almasi, ndo kijiwe cha almasi unachowekea sampuli. Tunaitumia ofisini kwetu hapa Dar kukagua mafuta ya karafuu yanayotoka Pemba na Unguja kabla hayajaingia stoo. Jina la kampuni siweki, hizi ndogo za mezani kikazi zinakaribiana sana, tofauti kubwa iko kwenye programu na kwenye bei ya vipuri.

Kwa asiyejua, inapiga sampuli na mwanga wa infraredi, ule usioonekana kwa macho ila unausikia kama joto, sasa kila kifungo cha kemikali kina mtikisiko wake na kinameza sehemu yake ya huo mwanga, ndo mashine inakuchorea mstari wenye vilele kuanzia 4000 kushuka mpaka 400 hivi (namba zote za vilele humu ni namba ya mawimbi, kwa kila sentimita). Unadondosha tone moja juu ya kile kijiwe cha almasi, unabonyeza, dakika haijaisha mstari uko kwenye skrini. Hakuna kuchemsha, hakuna kuchanganya na dawa. Zamani sampuli kavu ilikuwa uisage na chumvi ya potasiamu bromaidi ukandamize kidonge, na hiyo chumvi inavyovuta unyevu kwa hali ya hewa ya Dar ilikuwa mateso tupu, asikwambie mtu.

Karafuu ni mmea unaoifaa hii mashine haswaa kwa sababu sehemu kubwa ya mafuta yake ni kitu kimoja, eujenoli, ile kemikali inayoipa karafuu harufu yake, kwa hiyo mstari unasomeka. Kuna kilele kirefu pale 1514, hicho hakijifichi, halafu 1268 na 1233 vimekaa jirani, kidogo pembeni 1637, na juu kule karibu na 3500 kuna mlima wa ile OH yake (kifungo cha oksijeni na haidrojeni). Ukishazoea hata laibrari, yaani mkusanyiko wa mistari ya kulinganishia, huhitaji, unaangalia tu umbo unajua hii ni karafuu au siyo.

Sasa utamu wake uko kwenye kukamata uchakachuaji. Kuna mzee alituletea dumu, rangi safi, harufu imekolea mpaka mlinzi getini aliisikia, mimi mwenyewe kwa pua ningeyapitisha. Nikadondosha tone, mara kilele kimesimama 1745 ambapo hakitakiwi, na kule 2922 na 2853 kumepanda kuliko kawaida. Hiyo ni alama ya mafuta ya kula, alizeti au mawese au ndugu zao. Nikamwambia mzee wangu, humu kuna mafuta ya kupikia. Akaniangalia, akaiangalia mashine, akasema "mwanangu, hiyo imeonja saa ngapi?" Kumbe na yeye alinunua kwa dalali huko huko, hakuyatengeneza mwenyewe. Nikampa karatasi ya mstari aende nayo kwa dalali wake. Wanaochanganya na spiriti nao wanaonekana, vinatoka vilele 1045 na 1085 na kule 3300 panavimba.

Ila usikurupuke hapo kwenye 1745, maana mafuta halali ya karafuu yana asetati ya eujenoli, kemikali ndugu ya eujenoli, na yenyewe inatoa kilele karibu na 1765. Ni pua na mdomo, mgeni anaweza kumkataa mtu asiye na kosa. Na hicho hicho cha 1765 kina faida nyingine: mafuta ya karafuu yenyewe, yale ya matumba ya maua, yana asetati nyingi kuliko ya majani au ya makonyo, yaani vijiti vyake. Kwa hiyo mtu akikuletea mafuta ya majani kwa bei ya karafuu, kilele kile utakikuta kimesinyaa. Mimi hiyo naichukulia kama tetesi tu, simkatai mtu kwa hilo peke yake, napeleka sampuli kwenye GC-MS, mashine kubwa inayotenganisha kila kemikali na kuitambua, ndo tunamaliza ubishi.

Isichoweza nacho nikiseme. Mtu akiongeza eujenoli ya kiwandani kwenye mafuta ya karafuu FTIR haioni kitu, molekuli ni ile ile, mstari ni ule ule. Kitu kilichomo kidogo sana, chini ya asilimia moja hivi, kinapotelea kwenye vilele vya wenzake, kwa hiyo mabaki ya dawa za shambani usiyatafute humu. Halafu kuna watu wanatuletea unga wa majani, mara mlonge, mara mwarobaini, wanataka kujua "ina dawa kiasi gani". Jamani, ukiweka unga wa majani makavu unachokiona ni selulosi na sukari, mlima mmoja mkubwa pale 1030, na karibu kila jani la dunia hii linafanana hapo. Utoe kwanza kile unachokitafuta kwa ethanoli au njia nyingine, ukaushe, ndo uje. Jani bichi ndo kabisa, maji yanafunika kila kitu.

Kuhusu matunzo, unyevu ndo adui namba moja. Mashine nyingi ndani zina kioo cha potasiamu bromaidi na kile kinaliwa na unyevu taratibu, kwa hiyo silika jeli ibadilishwe ikishageuka rangi, AC iwepo, na mashine ibaki imewashwa hata wikiendi. Umeme wetu mnaujua, UPS ni lazima. Bekigraundi, yaani kipimo cha mashine ikiwa haina sampuli, piga upya mara kwa mara, na usiiinamie ukihema maana hewa yako inatoa kilele 2349, hiyo ni kaboni dayoksaidi ya kwako siyo ya karafuu. Futa almasi kwa isopropanoli mpaka mstari ulale kabisa, karafuu ina tabia ya kung'ang'ania. Tumia pipeti ya kioo pia, eujenoli inalainisha baadhi ya plastiki halafu unaanza kupima plastiki badala ya mafuta.

Lililoniudhi ni laibrari. Aliyetuuzia alisema ina kila kitu, kufungua tukakuta imejaa plastiki na kemikali za viwandani, mafuta ya mimea ya kuhesabu, ukitaka zaidi ulipie. Tukaamua kutengeneza ya kwetu kwa sampuli ambazo zimeshapita GC-MS, inachukua muda lakini sasa hivi ndo tunayoiamini.

Bei ni ya gari, sifichi, mtu anayenunua lita chache kwa mwezi bora alipie kipimo kwenye maabara za watu. Ila kama madumu yanaingia kila wiki, inakulipa. Na ukienda kununua ya mtumba mwambie muuzaji aiwashe mbele yako, iachwe ipate moto, upige bekigraundi na ulinganishe nguvu ya signali na ile iliyoandikwa kwenye karatasi ya kiwandani. Ikiwa imeshuka sana basi kioo kimeshaliwa au taa ya infraredi imechoka, na hapo hata akikupunguzia nusu bei muachie mwenyewe.