Kliniki ya figo karibu na Kibuye, Kisumu: siku waliyokataa kumdunga mama

Mama yangu husafishwa damu Jumatatu na Alhamisi. Tunatoka Ahero na matatu ya alfajiri. Figo zikichoka, homoni inayoamsha uboho kutengeneza damu hupungua, kwa hiyo anahitaji sindano ya eritropoietini. Bila hiyo hawezi hata kusonga ugali.

Tulikoanzia walimdunga kila wiki bila kupima. Damu ilipanda, nasi tukashangilia. Ilipopimwa hatimaye, hemoglobini, yaani kipimo cha wingi wa damu, ilikuwa 13.4, na presha 180 kwa 100. Wiki hiyohiyo fistula ya mkono wa kushoto, mishipa iliyounganishwa kwa upasuaji ili mashine ivute damu hapo, ikanyamaza. Mwenye mgonjwa wa mashine anaijua hofu hiyo: unaweka vidole pale panapovuma kama mzinga wa nyuki, husikii kitu. Damu ilikuwa imeganda ndani. Daktari alituambia damu ikiongezwa kupita kiasi huwa nzito, na hatari ya kuganda huongezeka. Mama akawekewa mpira wa kusafishia damu shingoni.

Ndiyo maana naisifu kliniki hii. Hapa hupima damu kila mwezi, na hupima madini ya chuma pia, kwa sababu chuma kikipungua sindano haifanyi kazi na mtu hujikuta anaongezewa dozi bure. Mwezi wa tatu damu ilisoma 11.8. Sista akamshika mkono: "Mama, leo sikudungi. Ikikaribia 11 tunapunguza, hatungoji ifike 13."

Mama alinuna, alidhani ananyimwa dawa. Sista akaketi naye, foleni ikimsubiri, akamweleza kwa Kijaluo kuhusu utafiti uliochapishwa mwaka 2009: wagonjwa 4,038 wenye sukari na figo mbovu, kama yeye. Waliokuwa wakipandishwa damu hadi 13, 101 walipata kiharusi. Upande wa pili, wasiopandishwa hivyo, 53. Mama akasema, "Basi niache na hii yangu."

Kasoro zipo. Benchi la kungojea liko juani, na mara mbili sindano ziliisha tukanunua nje. Lakini hata siku hizo sista aliuliza tumeibebaje, akakagua kama barafu haijayeyuka na kama dawa haikuganda.

Fistula mpya iko mkono wa kulia, naisikiliza kila usiku kabla mama hajalala. Mkienda, bebeni daftari la presha ya nyumbani. Sista huliomba kabla hajafungua friji.