Miche ya mwiritsa, barabara ya Khayega–Shinyalu: ile mirefu iacheni hapo hapo

Anayetaka kupanda mwiritsa (Prunus africana; Wakikuyu huuita muiri, Wanandi tendwet) katika shamba la Kakamega au Vihiga hahitaji kwenda mbali. Kati ya Khayega na Shinyalu vitalu vya miti vimejipanga kando ya barabara, na hiki tunachokitathmini huuza mche mmoja kwa shilingi 30, wakati mkaratusi uliopangwa pembeni yake ni shilingi 10. Wanunuzi wengi hulalamikia tofauti hiyo. Sisi tunaona ni bei ya haki, ikiwa mche wenyewe ni mzima.

Sababu iko kwenye mbegu. Mbegu ya mkaratusi ni kama vumbi: unaihifadhi kwenye kopo ukaisia mwaka ujao na bado ikaota. Mbegu ya mwiritsa ni kokwa iliyo ndani ya tunda dogo lililobonyea katikati, pana kuliko lilivyo refu, ambalo huiva likawa zambarau linaloelekea kahawia. Ikikaa wiki chache kwenye joto imekwisha. Kwa hiyo tunda huchumwa likishageuka rangi, huloweshwa usiku kucha, nyama husuguliwa ikatoka, kokwa huanikwa kivulini (juani hapana) na kusiwa mara moja. Kuota kwenyewe huchukua wiki 5 hadi 8. Mwenye kitalu akikwambia mbegu alinunua msimu uliopita akaweka kwenye gunia, basi ama hajui alichosia, ama miche unayoiona aliiokota chini ya miti.

Kuokota si ubaya wa mche wenyewe, maana chini ya mwiritsa mkubwa miche hujiotea kwa wingi pale nyani na ndege walipodondosha kokwa. Ubaya uko mara mbili. Ukiokota ndani ya msitu wa serikali bila kibali cha KFS (Huduma ya Misitu Kenya) umevunja sheria. La pili ni kwamba mwenye haraka huokota na visivyo mwiritsa, na hapo ndipo kitalu hiki kilipopoteza alama yake ya kwanza: kwenye safu iliyoandikwa "mwiritsa" tulikuta mutere (Maesopsis eminii) imechanganyika. Mutere ni mti mzuri na hukua haraka, lakini si ulioulipia.

Kuitofautisha hakuhitaji darubini. Jani la mwiritsa hutoka moja moja kwa kupishana kwenye tawi. La mutere mara nyingi huwa karibu jozi, na meno ya ukingoni ni makubwa zaidi. Mwiritsa una meno madogo butu, uso wa jani unang'aa, na kikonyo chake kina wekundu. Kisha ponda jani moja vidoleni na unuse. Mwiritsa hutoa harufu kali ya uchungu, ile ile inayotoka ukivunja kokwa ya plamu au ya pichisi. Si ajabu, kwa kuwa wote ni wa ukoo mmoja na waridi. Harufu hiyo inatokana na kemikali ambazo jani likipondwa huachia sayanidi, basi kunusa kunatosha, usitafune. Mutere hauna harufu hiyo. Muuzaji akikataa uponde jani moja, jibu umeshalipata.

Sasa mizizi, na hapa ndipo kitalu hiki hasa kinapoharibu. Miche ya mbele, ile inayovutia macho ya wapita njia, ina urefu unaokaribia mita moja ndani ya tyubu (mfuko wa plastiki wa kuoteshea) ya inchi 4 kwa 6. Tuligeuza kumi kati yake. Saba mizizi ilikuwa imetoboa chini na kuingia ardhini, na ilipong'olewa ikakatika ikabaki pale pale. Ndani ya tyubu mzizi mkuu ulikuwa umezunguka kama kamba ya ndoo. Mche wa namna hiyo hupandwa, hukaa mwaka mmoja au miwili kana kwamba hauna shida, kisha upepo wa mvua huulaza, kwa sababu mizizi haikutawanyika, bado inazunguka pale pale ilipokuwa imefungwa. Wengine husema mwiritsa ni mti mgumu kushika. Mti hauna kosa. Kosa ni tyubu ambayo haikuinuliwa kila wiki chache ili mizizi ya chini ikatwe.

Miche iliyo nyuma, chini ya neti, ni habari nyingine kabisa. Ina sentimita 30 hadi 40, shina limekuwa gumu kidogo na la rangi ya mti, na udongo wa tyubu unashikamana ukiutoa. Kijana anayeimwagilia alieleza vizuri jinsi anavyoizoesha jua: neti huondolewa kidogo kidogo kwa wiki nne na maji yanapunguzwa. Hiyo ndiyo ya kununua, na bei ni ile ile. Kwa nini wanaificha nyuma, wanajua wenyewe.

Swali moja zaidi la kuuliza: mbegu zilitoka kwa miti mingapi? Mwiritsa huzaa vizuri ukichavushwa na mwenzake, na ule uliobaki peke yake katikati ya shamba la miwa hutoa kokwa chache. Ukinunua miche 50 yote ya mama mmoja, umepanda ndugu watupu. Hapa jibu lilikuwa "mti mmoja, wa jirani". Kwa anayetaka miche mitatu ya ua haidhuru. Kwa shule au kikundi kinachopanda mamia ni kasoro kubwa. Hao waulize KEFRI (taasisi ya utafiti wa misitu) kule Maseno kuhusu mbegu zilizokusanywa kwenye miti mingi.

Usafirishaji: usikubali boda aifunge miche wima nyuma ya pikipiki. Upepo wa safari ya nusu saa hukausha majani laini ya juu, na utalaumu udongo bure. Ilaze ndani ya kreti, ifunike kwa gunia bichi.

Shimo ni sentimita 45 kila upande, udongo wa juu ukiwekwa kando na kuchanganywa na samadi iliyooza vizuri. Mbichi huunguza mizizi. Pasua tyubu uitoe yote. Kama mizizi ya chini imeanza kupinda, ikate kwa wembe. Panda mvua ndefu zikishakolea, wiki chache baada ya zile za kwanza za kudanganya. Mbuzi afungwe. Ukipanda mpakani mwa miwa inayochomwa kabla ya kukatwa, acha ukanda uliopaliliwa wa mita kadhaa, la sivyo moto mmoja utamaliza kazi ya miaka mitatu. Na mita 10 kutoka kwenye nyumba, kwani huu ni mti unaoweza kupita mita 25.

Wa Kisumu mjini tungewashauri wafikirie tena. Mwiritsa ni mti wa nyanda za juu wenye kupenda ubaridi na mvua nyingi. Kakamega, yenye mwinuko wa mita 1,500 na zaidi, ni kwao. Kando ya ziwa, karibu na mita 1,130, kuna joto na kiangazi kirefu zaidi, na utamwagilia hadi uchoke. Upande wa Nakuru, Molo na Mau vinafaa kuliko bondeni.

Kitalu hiki hiki kinauza pia vipande vya gome. Gome la mwiritsa limekuwa biashara ya dunia tangu 1966, Jacques Debat alipopata hataza ya dondoo lake kwa matatizo ya tezi dume, na uchunaji ndio uliofanya mti huu uingizwe kwenye Kiambatisho cha 2 cha CITES, mkataba wa kimataifa unaodhibiti biashara ya mimea na wanyama walio hatarini, mwaka 1995. Vipande tulivyoviona vilikuwa vipana, vimechunwa kulizunguka shina lote. Mti uliochunwa hivyo hufa, kwa kuwa chakula kinachotengenezwa na majani hupitia kwenye gome kwenda mizizini. Uchunaji unaokubalika huchukua robo mbili za shina zinazotazamana, kwenye mti uliozidi kipenyo cha sentimita 30, na robo nyingine huachwa hadi pale palipochunwa pafunge. Kwa hilo tumekata alama nyingine.

Jumla tunatoa 3 kati ya 5, zote kwa miche ya nyuma. Nenda asubuhi, toa mche mmoja kwenye tyubu uangalie mizizi, na mwenye kitalu hatakukataza ukimwambia unachukua zaidi ya kumi.