Kamera ya Olympus TG-6 kwa vidudu vya baharini, rivyu ya mtu wa Moshi

Niseme mapema mi ni mtu wa Moshi, bahari naiona mara mbili tatu kwa mwaka nikipata likizo na nauli, na kila nikiaga kwamba naenda kuzamia watu wanadhani naenda harusini bila kadi. Ila ugonjwa wangu ni vile viumbe vidogo vidogo, kaa wa ukubwa wa kucha, uduvi, wale konokono wasio na gamba wenye rangi kama kitenge kipya. Papa na kobe nawaachia wengine.

Kamera niliichukua mtumba Arusha kwa jamaa aliyekuwa anauza vitu vyake, alianza na milioni na laki mbili tukamalizana laki tisa. Hii TG-6 ni ya 2019, ndogo, inaingia mfuko wa jaketi, na yenyewe kama ilivyo inaingia majini mpaka mita 15. Sasa wengi wakisikia 15 wanaona inatosha. Haitoshi bana. Cheti cha kwanza tu cha kuzamia kinakupeleka mita 18, na ukiwa unamfukuza kaa kwenye jiwe huangalii kina kila sekunde, unashtuka ushapitiliza. Ndo maana nikaagiza na hausingi yake, lile boksi la plastiki gumu, PT-059, inashuka hadi mita 45, nayo ikanila karibu hela ileile ya kamera na mama watoto hajanisamehe hadi leo.

Kabla sijaipeleka baharini nikaenda kuijaribu Chemka, pale maji moto ya Rundugai (moto jina tu, ni vuguvugu), maji yake ni kioo na vile visamaki vinavyotafuna miguu ni wanafunzi wazuri wa kupigwa picha maana vinakufuata vyenyewe. Nikafunga hausingi harakaharaka juu ya taulo, nikaruka, dakika tano naona maji yanacheza ndani ya boksi. Moyo ulisimama aisee. Kutoka nje naangalia, uzi mmoja wa taulo, uzi mmoja tu, umelala juu ya oringi, ule mpira wa duara unaozuia maji yasiingie kwenye boksi. Kosa langu asilimia mia. Lakini kamera haikuwa na shida yoyote kwa sababu yenyewe haipitishi maji, nikaifuta tukaendelea, na hapo ndo nilielewa kwa nini wazamiaji wanaipenda hivi, hausingi ikikusaliti kwenye maji mafupi bado kuna ukuta wa pili. Kamera ya kawaida ingekuwa imeshakufa. Siku hizi oringi naikagua kwa tochi, naipaka grisi yake ya silikoni kidogo sana, na taulo likae mbali.

Utamu wenyewe uko kwenye modi ya hadubini. Lenzi inashika fokasi hadi sentimita 1, halafu unaweza kuvuta zumu hadi mwisho ukiwa palepale karibu, kitu ambacho simu nyingi haziwezi. Ushauri wangu usiende karibu mpaka ubusu, ukifika sentimita moja kamera inamfunika mdudu kivuli na mwenyewe anakimbia, rudi nyuma kidogo vuta zumu. Mimi mazoezi nilifanyia nyumbani, sisimizi kwenye mgomba, ua la kahawa, sarafu ndani ya ndoo ya maji, wiki nzima majirani wananiangalia tu.

Kisha Mnemba, Unguja kule kaskazini mashariki, kama mita 12 chini. Nilimkuta yule kaa mweupe mwenye madoa anayeishi kwenye anemoni, kiumbe laini wa baharini anayefanana na ua, ana kama nyavu mbili mdomoni anazirusha kwenye maji kuchota chakula, kulia kushoto kulia kushoto kama mtu anayepepeta mchele. Picha za kwanza zote bluu tupu, maana maji yanameza rangi nyekundu kabla ya zingine, kile kina ishapotea. Nikawasha tochi kwa ubavuni, siyo mbele, ukimulika mbele vumbi lote la majini linawaka kama theluji, na ghafla kaa ana rangi zake. Nimepiga kama picha 40, nzuri tatu. Mama alipoziona akauliza huyu analiwa?

Mabaya yapo. Sensa yake, kile kipande cha ndani kinachopokea mwanga, ni ndogo, pikseli milioni 12, kukiwa na giza picha inakuwa na chengachenga, bila tochi au flashi ya nje usijisumbue. Betri ukiacha skrini inawaka muda wote inaisha haraka, nunua ya pili. Ile kazi ya kuunganisha picha kadhaa zenye fokasi tofauti iwe moja kali ni tamu kwa maua ya bustanini, lakini majini mkondo unakusukuma, mdudu naye anahama, mi nimeacha. Na kamera haikufundishi kutulia, kama bado unapiga miguu hovyo utavunja matumbawe na kutibua mchanga, jifunze kwanza kuelea.

Kuna TG-7 ya 2023, jina limebadilika kuwa OM System, imeongezewa tundu la chaja la USB-C, ila hausingi ni ileile PT-059. Kama unayo TG-6 nzima sioni sababu ya kuhama, kama unaanza na hela ipo chukua mpya.

Ukitoka majini iloweke kwenye maji yasiyo na chumvi, chumvi ikikauka kwenye vitufe imekwisha. Na wale wa kurudi Arusha kwa ndege baada ya siku za kuzamia, subirini saa 18 kabla ya kupanda, mi huwa naacha siku nzima nakula urojo.

Nyota nne kati ya tano. Kwa sasa hata sinayo, rafiki yangu anayeongoza watalii Mlima Kilimanjaro kaiazima, kasikia inavumilia baridi ya hasi 10 na kuanguka mita mbili. Nimemwambia usiku wa kwenda Uhuru Peak baridi inaweza kuzidi hapo, aiweke ndani ya jaketi.