Sanduku la mbegu za dirishani: miezi minne Michenzani

Mwezi wa Mei nilinunua sanduku la kuoteshea viungo dirishani. Nililiona kwenye simu, muuzaji yuko Dar es Salaam. Nikalipa 45,000 na nauli ya boti 3,000, siku ya tatu nikaenda kulichukua bandarini. Naandika sasa, Oktoba, kwa sababu ningeandika Juni ningelitukana, na ningeandika Agosti ningelisifu kupita kiasi.

Ndani mna trei ya plastiki yenye vishimo 12 na kifuniko chake cha kuonesha ndani, vidonge 12 vikavu vya kuoteshea, pakiti tano za mbegu (mrehani, kotmiri, pasli, thaimu na vitunguu majani), vijiti vya kuandikia majina, na kijitabu cha Kijerumani na Kiingereza. Limetengenezwa Ujerumani. Mume wangu akasema basi limefika kwao, maana haya majumba yetu ya Michenzani, hapa Unguja mjini, nayo yalijengwa kwa msaada wa Ujerumani Mashariki. Nyumba ya Mjerumani, mbegu ya Mjerumani. Kilichokuwa chetu ni jua tu, na jua ndilo lililotuumbua.

Nilichokuwa nakitaka mimi hasa ni kotmiri. Nyumba yangu haikai bila kotmiri: chatne ya bhajia, kachumbari, supu ya Ijumaa. Fungu la shilingi 500 nikilinunua sokoni Darajani asubuhi, kesho yake limelegea, keshokutwa limeshapiga manjano, na nusu yake huishia jaani. Nikasema nikiwa na yangu hapo dirishani nitachuma majani manne ninayoyataka, mengine yakae kwenye shina yakinisubiri.

Vile vidonge ukivimwagia maji ya uvuguvugu hufura mbele ya macho yako kama andazi kwenye mafuta. Watoto walifurahi, nami nilifurahi. Bibi yangu wa Jambiani alikuwepo, amekuja mjini kwa arusi, akachukua kimoja akakifikicha kwa vidole, akakinusa.

"Mjukuu wangu, hili si kumbi?"

"Kumbi, bibi, lakini limetengenezwa."

"Umelinunua?"

Sikujibu. Bibi amesokota kamba za usumba tangu msichana. Makumbi huyafukia pwani, pale maji yanapokupwa na kujaa, yakae miezi mpaka yalainike, kisha ayafukue na kuyaponda atoe nyuzi. Alicheka mpaka akajifuta macho kwa ncha ya kanga. Alipomaliza kucheka akaniambia neno ambalo kwenye kile kijitabu halimo: "Lakini ya kwangu usije ukayatia mbegu. Yamelala baharini, yana chumvi."

Neno hilo lilinifaa baadaye, vidonge vilipokwisha. Nilipata makumbi makavu bure kwa anayeniuzia nazi, nikayakung'uta lile vumbi lake la kahawia, nikaliroweka kwa maji baridi siku mbili na kuyabadilisha mara tatu, kisha nikachanganya nusu kwa nusu na udongo mweusi pamoja na samadi kidogo iliyokwisha kuiva. Mbegu hazikujua tofauti. Kwa hivyo vidonge, kwa mtu wa Unguja au Pemba, mimi nahesabu ni pesa iliyotupwa.

Sasa nije kwenye kilichoniudhi. Kijitabu kinasema trei uiweke dirisha la kusini, karibu na kipasha joto cha chumba, na uifunike. Kipasha joto nilikiruka. Hayo mengine niliyafuata kama nilivyoambiwa. Dirisha langu la kusini ni la chumba cha kulala, nikaipanga trei pale wiki ya kwanza ya Juni. Mrehani ulichomoza siku ya tano, kotmiri siku ya 11. Nikashangilia. Baada ya hapo miche ikarefuka, myembamba kama uzi wa cherehani, imepauka, yote imeinamia nje kama watu wanaochungulia arusi ya jirani. Haikosi maji, haikosi chochote, ila jua halifiki. Na upepo wa kusi ndio unaingia hapo hapo, unailaza ovyo.

Nilikaa wiki nzima nikidhani mbegu ni mbovu, hadi siku moja ya adhuhuri nilipoingia jikoni nikakuta jua limejaa kwenye ukingo wa dirisha. Dirisha la jikoni linatazama kibla, na kwetu kibla ni karibu sawasawa na kaskazini. Ndipo akili iliponijia. Kijitabu kimeandikwa kwa mtu wa Ulaya, ambaye jua lake la mchana liko kusini mwaka mzima. Sisi tuko kama nyuzi 6 kusini ya ikweta. Tangu mwanzoni mwa Machi hadi mwanzoni mwa Oktoba, jua letu la mchana hupita upande wa kibla. Mtoto wa skuli anajua hivyo, nami nilikuwa nimeacha kuliangalia jua kwa kuiangalia karatasi.

Kifuniko nacho kikanimalizia. Huko kwenye baridi kinahifadhi joto, sawa. Hapa hata katika kipupwe kinageuka chungu cha mvuke: asubuhi matone yamejaa ndani, udongo haukauki. Miche saba ilianguka kwa usiku mmoja, imeoza pale shina linapogusana na udongo huku majani bado ya kijani. Wakulima huita kinyausi, ni kuvu wa kwenye udongo wenye maji mengi na hewa iliyosimama. Ukishauona huna dawa ya kuinusuru iliyoanguka. Unang'oa, unaacha udongo ukauke juu, unaruhusu upepo. Tangu hapo kifuniko kazi yake ni kuanikia pilipili. Maji nayatia kwa chini, kwenye sinia, trei inyonye yenyewe kwa nusu saa kisha namwaga yaliyobaki. Njia hiyo imenifaa pia siku ambazo maji hayapandi ghorofani na kila kata ya maji ina hesabu yake.

Nilipanda upya mwanzoni mwa Julai, jikoni, bila kifuniko. Mrehani ukaja mnene. Mbegu zake usizifukie, zitupe juu ya udongo na uzikandamize kwa kidole. Zikipata maji hujivika ute, zile zile za kwenye faluda, na ute huo unazishika mahali pake. Pasli ilinichukua siku 24, na lau mwanangu wa miaka mitano asingekuwa akiichimbua kila asubuhi aone kama imeota, labda ingewahi. Vitunguu majani viko, vyembamba kama nywele, havijafikia kukatwa. Thaimu haikuota hata moja, mara zote mbili.

Kotmiri ya sanduku nayo iliota, lakini chache: mbegu nane, miche mitatu. Hapa ndipo nilipofanya jambo ambalo lingeniokolea elfu 45. Nilichota kiganja cha gilgilani, ambayo ndiyo mbegu ya kotmiri, kwenye kopo langu la bizari, ile ile ya kupikia, ya shilingi chache Darajani. Kila punje ya gilgilani ni mbegu mbili zilizofumbatana, kwa hivyo nikazibiringishia chupa juu ya ubao mpaka zikagawika, nikaziroweka usiku kucha, nikazipanda kwenye kopo la maziwa ya unga nililotoboa chini. Siku ya nane kopo likawa kijani. Angalieni tu isiwe iliyokaangwa, na isiwe ya miaka. Na mzipande pale pale zitakapokulia. Mzizi wa kotmiri ni mmoja mrefu na hautaki kuhamishwa. Miche mitatu ya Mjerumani niliihamisha nayo ikanuna, ikatoa maua kabla ya majani.

Nanaa haimo sandukuni, na wala msinunue mbegu zake. Vijiti viwili vya fungu la nanaa ya chai nilivitia kwenye gilasi ya maji, wiki moja vikawa na mizizi.

Kuhusu mrehani, niseme ukweli kwa wanawake wenzangu: si wetu. Huu una majani makubwa laini, harufu yake ni ya chakula, wa kutia kwenye nyanya na tambi. Mama mkwe aliuona umestawi akataka achume wa kikuba, kile kishada cha asmini na mrehani. Akaunusa, akaurudisha taratibu. "Huu, mwanangu, haukai na asmini." Nikamwotesha wa kwetu pembeni, sasa wote wawili wako dirishani na mimi natumia ule wa Mjerumani kwenye kuku.

Je, limelipa? Kwa bei ile ningepata mafungu 90 ya Darajani. Kopo moja la kotmiri linanipa chatne moja kwa wiki na majani ya kupambia, si zaidi, na kila wiki tatu nahitaji kupanda kopo jingine maana joto linaikimbiza itoe maua. Kwa hiyo Darajani bado naenda. Nilichopata ni kwamba saa moja usiku, mchuzi uko jikoni, simtumi mtu. Sanduku nalipatia nyota mbili na nusu: trei ni imara, mbegu za mrehani na pasli ni nzima, na vile vijiti vya majina ni vizuri. Ukipewa zawadi, pokea. Ukitaka kununua kwa pesa yako, nunua pakiti ya mrehani na pasli peke yake, mengine yako nyumbani kwako.

Wiki iliyopita nilianza kuona jua la jikoni linapungua. Adhuhuri ukingo wa dirisha una kivuli, na miche ya nyuma imeanza kunyoosha shingo. Jua limeshatupita, linakwenda kusini, na huko litakaa mpaka Machi. Jana nimebeba makopo sita na trei nikayarudisha chumba cha kulala, dirisha la kusini, kama kijitabu kilivyosema. Mume wangu anauliza kwa nini kitanda kinanuka kotmiri.