Kutoa pauda koti kwenye rimu, ngao na keria: nini ununue kwanza na nini ukiache dukani

Kabla hujatoa hata shilingi mfukoni tafuta sumaku, hata ile ya spika mbovu, ibandike kwenye kitu unachotaka kukipaka. Ikinasa ni chuma, isiponasa karibu kila mara ni aluminiamu, na hapo nusu ya kazi ya kuchagua umeshaimaliza maana dawa inayofaa chuma inaweza kuitafuna aluminiamu ukabaki unashika kichwa. Naongelea rimu za spoti, ngao za mbele, keria, swingamu za pikipiki (ule mkono unaoshika gurudumu la nyuma), vile vitu ambavyo havikupigwa rangi ya kupuliza ya kawaida bali vilipigwa pauda, yaani unga mkavu unarushwa kwa chaji ya umeme unaganda kwenye chuma halafu kinaingizwa kwenye oveni ya nyuzi kama 180 mpaka 200 unga unayeyuka unakuwa ngozi moja. Ndo maana thina haiwezi kitu pale. Loweka kitambaa kwenye thina usugue, rangi ikihamia kwenye kitambaa basi hiyo ni ya kawaida, inatoka kirahisi. Isipohama, na ukiangalia kwenye viungo vya weldi ni nene imejaa kama imemiminwa, jua uwezekano mkubwa unapambana na pauda.

Na kabla sijaenda mbali, kama pauda yako bado imeshika, haijabanduka na hakuna kutu inayotambaa kwa chini, usinunue chochote nitakachokitaja hapa. Nunua msasa namba 320, sugua mpaka mng'ao wote ufe, futa na kitambaa safi, piga praima, ile rangi ya kwanza ya kushikisha, endelea. Nimeona watu wanatumia wikendi nzima kutoa kitu ambacho kingekuwa msingi mzuri tu wa rangi mpya, inaniuma kwa kweli.

Haya, sasa kama inabanduka kweli.

Namba moja kwangu ni rimuva ya jeli, yaani dawa ya kutoa rangi, ile nzito isiyochuruzika. Inafaa chuma na aluminiamu, haiondoi hata nywele ya madini yenyewe, inaingia kwenye kona na katikati ya spoku ambako diski ya grenda haifiki. Ila usinunue kwa kuangalia picha ya kopo, geuza kopo usome nyuma. Ziko za aina mbili hivi. Ya kwanza ina dikloromethani, kwenye kopo imeandikwa methylene chloride au dichloromethane au utaona namba 75-09-2, hii ni kali, dakika kumi kumi na tano pauda inaanza kukunja kama malai juu ya maziwa yaliyochemka, ukipitisha skrepa inanyanyuka kipande kizima na chini unaona chuma kinang'aa, ni raha kuangalia. Ya pili ina benzyl alcohol, namba 100-51-6, hii ni ya taratibu, unapaka jioni unafunika na ile nailoni iliyokuja na godoro jipya ili isikauke, asubuhi ndo unakwangua, na pauda nene inaweza kutaka raundi mbili.

Mimi kama kazi naifanya nyumbani nachukua ya pili, na nasema hivi kwa uzito wote. Ile ya kwanza mvuke wake ukishaingia mwilini unageuka kaboni monoksaidi, ile ile ya jiko la mkaa chumbani, na watu wamekufa nayo wakitoa rangi kwenye mabafu ya ndani, mpaka Marekani mwaka 2019 wakakataza isiuzwe kwa mteja wa kawaida kwa kazi ya kutoa rangi. Mvuke ni mzito kuliko hewa, unashuka chini unakaa, kwa hiyo kwenye shimo la gereji usithubutu kabisa, hata kama ndo kuna kivuli. Maski ya kitambaa haizuii mvuke, na hata ile ya kichujio cha mkaa inajaa upesi sana kwa kemikali hii. Glavu za hospitali inazipenya fasta, hata zile nene za mpira zinakupa muda mfupi tu, kwa hiyo tumia brashi ya mpini mrefu, ikikurukia nawa hapo hapo, vaa miwani iliyoziba pembeni. Halafu kitu ambacho wauzaji hawakwambii, inachemka kwenye nyuzi 40 tu. Kopo lililokaa kwenye gari juani limejaa presha, ukifungua kwa papara linakutemea usoni, liache lipoe kivulini, funika mfuniko na kitambaa ufungue taratibu. Na kwa jua la Dar saa sita mchana ukiipaka inaruka hewani kabla haijafanya kazi, unabaki unalaumu dawa. Asubuhi mapema, nje, upepo ukiwa mgongoni kwako.

Kuhusu kiasi, lita moja hesabu rimu moja ya gari mbele na nyuma, mbili ukibana. Paka nene kwa mkupuo mmoja kuelekea upande mmoja, usirudie rudie kama unapaka rangi ya ukuta maana unavunja ile ngozi ya juu inayozuia mvuke usitoke. Kwenye aluminiamu kwangua na skrepa ya plastiki, mikwaruzo ya skrepa ya chuma itaonekana mpaka chini ya rangi mpya. Anza na kopo dogo, jaribu mgongoni mwa rimu, ikifanya kazi ndo urudi dukani.

Namba mbili ni kupeleka kwenye sendiblasti, yaani kurushiwa punje ngumu kwa presha ya hewa, na kwa vitu vya chuma kizito kama ngao, keria na chesisi ya pikipiki yenye kutu ningeiweka hata namba moja, maana inatoa pauda na kutu kwa pamoja na inaacha uso wenye vinyweleo praima inashika hasa. Hapa hununui kopo, unanunua kazi ya mtu, kwa hiyo cha kukagua ni majibu yake. Muulize anatumia nini. Akisema garneti, zile punje za jiwe gumu, au vipande vya glasi sawa. Akisema mchanga wa mtoni au wa pwani, ondoka, vumbi la silika linaua mapafu ya yule kijana aliyeshika bomba, Uingereza walishaukataza kwa kazi hii tangu 1949, na mimi siwezi kulipa hela ili rimu yangu ing'ae kwa gharama ya kifua cha mtu. Muulize pia atapunguza presha kwa aluminiamu au la, na bati jembamba kama kava za pembeni usimpe kabisa, linapinda likawa bakuli. Kabla hujapeleka toa beringi na valvu, ziba na tepu nzito sehemu za nati na pale rimu inapokaa kwenye habu. Na ujue pauda ina asili ya plastiki, punje zinadunda, kwa hiyo akikutajia bei kubwa kuliko ya rangi ya kawaida hakuibii. Ukimpelekea kitu ambacho umeshakilegeza na rimuva kazi inakuwa fupi.

Namba tatu, diski ya sponji ngumu ya grenda, ile nyeusi au zambarau inayofanana na dodoki lililokauka. Wengi hawaijui, wanaipita wanachukua flapu, ile diski ya vipande vya msasa vilivyopangwa. Hii inakula rangi bila kuchimba chuma sana na haijai haraka. Angalia namba ya mzunguko iliyoandikwa juu yake isiwe chini ya ya grenda yako, grenda nyingi ndogo zinazunguka kama mara 11,000 kwa dakika, diski isiyofikia hapo inaweza kupasuka mkononi. Nzuri kwa bomba za keria na sehemu pana, kwenye kona haifiki.

Namba nne ni mashine ya hewa ya moto, ile kama draya ya saluni ila inafika nyuzi mia tatu na zaidi, pamoja na skrepa. Kwa chuma tu, sehemu ndogo, nje, maana moshi wake ni wa plastiki inayoungua. Kama unayo tayari itumie, ila kwenda kuinunua kwa ajili ya kazi hii tu sishauri.

Mwisho kabisa flapu diski na brashi ya waya, na hapa ndo wote tunaanzia kwa sababu ni rahisi, flapu moja nilikuwa naipata elfu tatu mpaka elfu tano. Pauda inapata moto wa msuguano inalainika inapaka uso wa diski, baada ya dakika chache haikati tena, inateleza na kunuka, unabadilisha nyingine, na nyingine. Keria moja ilinimaliza diski saba na bado kwenye viungo imebaki, halafu bomba nikaliachia mabonde yaliyohitaji puti. Ukijumlisha, kopo la rimuva ningelilipa na chenji ingebaki.

Vya kutogusa kabisa ni viwili. Magadi makali, kostiki soda, kwenye aluminiamu. Nilimpelekea fundi mmoja rimu nne nzuri kabisa, akaziloweka kwenye pipa la kostiki usiku kucha, asubuhi zimekuwa nyeusi zina vidonda kama tetekuwanga na kingo zimeliwa, mbili hazikufaa tena, na pipa lenyewe lilikuwa linatoa gesi ya hidrojeni ambayo cheche moja tu ingetosha. Kwa chuma kostiki inaweza kusaidia, kwa aluminiamu hapana. Cha pili ni kuchoma rimu za aloi, yaani hizo za spoti za aluminiamu, iwe moto wa gesi au wa kuni. Aloi ya rimu imepewa ugumu wake kiwandani kwa joto lililopimwa, ukiipitisha kwa moto mkubwa inalegea na kwa macho haionekani, utaipaka itapendeza, ila siku unaingia shimo barabara ya Morogoro na familia ndani ya gari ndo itajulikana.

Ukishatoa, osha na maji na brashi mpaka kwenye kila tundu, kausha, futa na thina safi, kwa sababu rimuva ikibaki kwenye kona itakuja kuvimbisha rangi mpya baada ya wiki. Halafu praima siku hiyo hiyo. Sisi wa pwani chuma kitupu ukikiacha usiku mmoja asubuhi kina rangi ya chungwa. Kwa aluminiamu nunua praima ya epoksi au ile ya asidi, moja tu, usizibebanishe, na uinunue siku moja na rimuva ili isikukute Jumapili jioni duka limefungwa na rimu ziko uchi.