Samaki wa Bagamoyo: kula pale pale au kufungasha?
Kwa mpita njia mwenye njaa, soko la samaki la ufukweni, jirani na jengo la zamani la forodha, linashinda migahawa mingi ya barabarani. Utamu uko kwa wakaangaji. Changu mdogo mzima huzamishwa kwenye karai la mafuta mengi. Mapovu yakipungua na ngozi ikikauka, ameiva. Waliokaangwa mapema hurundikwa kwenye sinia, na hapo ndipo wageni huumia: wamepoa, nyama imekakamaa. Omba anayetoka karaini, au huyo wa sinia arudishwe motoni dakika mbili. Bei ulize mapema, maana hapa samaki hupimwa kwa macho.

Pweza ni bahati nasibu. Aliyepigwa vizuri kisha akachemshwa taratibu huingia kijiti bila ubishi. Akidunda kama raba, mwachie mwenyewe. Supu yake, ikikamuliwa ndimu, haina hasara.

Wa kufungasha abebe kontena lake, kwani mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku tangu Juni 2019. Usilifunike kontena samaki akiwa bado wa moto: mvuke humrudia, ngozi ikalegea. Kachumbari iwe kando. Chipsi hazisafiri, zimalize hapo hapo.