Paneli ya sola iling'oka juu ya gari langu, halafu nikaambiwa nitulie

Nimengoja hasira zipoe ndipo niandike, lakini naona haziishi, kwa hiyo naandika nazo hivyo hivyo. Kuna duka la sola hapa Nakuru mjini, jina silitaji, wenyewe wakisoma watajijua. Walinifungia paneli mbili juu ya gari, na moja ikang'oka nikiwa barabarani. Kung'oka kwenyewe labda ningesamehe. Nilichojibiwa niliporudi dukani ndicho kimenikaa kooni hadi leo.

Gari langu ni Isuzu ya zamani iliyokuwa ikibeba watoto wa shule. Viti tuliving'oa, tukaweka kitanda, jiko la gesi na friji ndogo, kwa sababu kazi yangu ni kuongoza wageni wanaopenda kutazama ndege, na ndege hawamngoji mtu anayetoka hotelini saa tatu asubuhi. Wiki hii niko Ziwa Nakuru, nyingine Baringo, nyingine Msitu wa Kakamega, kisha kwenye mafunjo ya Dunga kule Kisumu. Usiku nalala humo humo. Bila sola, friji, kamera na simu vyote vinanizimikia. Basi si kwamba nilitaka urembo wa paa.

Siku ya kufunga nilisimama uani kwao tangu asubuhi, maana nilitaka kuona kila tundu linalotobolewa. Vijana wawili walipanda juu na drili. Nikaona wanaziwekea paneli miguu, mifupi upande wa nyuma na mirefu upande wa mbele. Nikauliza:

"Kijana, mbona mbele kumeinuka hivyo?"

"Hiyo ni ya kushika jua vizuri, mama. Hata kwa nyumba ndio tunafanya."

"Na hiyo nyumba huenda mbio themanini?"

Wakacheka wote wawili. Nikamwita meneja, nikamweleza kwamba gari hili linapanda Mau Summit na kuteremka hadi Kisumu, si gari la kuzunguka mjini. Akatazama juu kidogo tu, akasema, "Hiyo imeshika. Hata gari ibingirike, hiyo haitoki." Nikalipa kwa M-Pesa, pesa zote, jina langu likatokea kwenye simu yake. Hilo la jina mlikumbuke.

Sasa mafundi wa sola mnisikilize. Paneli huinamishwa ili ielekee jua. Nyumba ukiijenga leo, kesho inatazama upande ule ule. Gari asubuhi linaelekea Gilgil na jioni linaelekea Molo, je, hiyo miguu inaielekeza paneli wapi? Tena sisi tuko kwenye ikweta. Barabara ya Kisumu kwenda Busia inaikata pale Maseno, na jua la mchana linapita utosini au karibu na utosi mwaka mzima. Paneli ikilala bapa juu ya gari inapata jua la kutosha kabisa. Inachotaka chini yake ni nafasi ndogo ya vidole viwili vitatu ili hewa ipite, kwa sababu paneli ikichemka umeme wake hupungua, na paa la gari saa nane mchana huwezi kuliwekea mkono. Nafasi hiyo iwe sawa mbele na nyuma. Ukiinua upande wa mbele, umeuachia upepo mlango uingie chini ya paneli na kuibeba.

Na upepo wa gari si kitu cha kuchekea. Ukiongeza mwendo mara mbili, nguvu ya upepo inakuwa mara nne. Paneli ya ukubwa wa mita moja ya mraba iliyoukabili upepo, gari likiwa mbio 80, inaweza kusukumwa kwa nguvu inayokaribia uzito wa kilo 25. Mbio 40 ni kama kilo 6 tu, ndiyo maana tulipolijaribu gari mjini kila kitu kilionekana kimeshika kweli. Na hapo hujapishana bado na basi linalokimbia.

Tulipishana nalo baada ya Mau Summit, tukiwa tumeshakata kushoto kuelekea Kericho. Mimi ndiye nilikuwa kwenye usukani. Basi likapita, upepo wake ukatupiga, nikasikia mlio mmoja mkubwa juu ya kichwa, halafu tak-tak-tak-tak mfululizo. Mume wangu akasema, "Simama, simama, mama!" Nikatafuta pa kuegesha nikiwa nimeshikilia usukani kwa nguvu zote, maana sikujua kama kitu kimeshaanguka nyuma yangu au la.

Alipanda kwa ngazi ya nyuma, nami nikapanda baada yake. Paneli ya mbele ilikuwa imesimama wima, imeshikiliwa na miguu miwili ya nyuma na waya wake. Miguu ya mbele ilikuwa imeng'oka na skrubu zake zikining'inia ndani ya matundu ya mabano. Nilizishika kwa mkono. Ni zile skrubu za kupigilia mabati, fupi, zenye raba nyeusi chini ya kichwa. Bati la paa la gari halifiki hata milimita moja, kwa hiyo skrubu kama hiyo inashika kwa uzi mmoja au miwili, basi. Gari likitikisika, tundu linatanuka. Yangu yalikuwa yametanuka mpaka yakawa marefu kama macho. Kando yake walikuwa wamepaka silikoni nyeupe, ile ya sinki na bafu, na nilipoigusa ilitoka yote kwa pamoja, kipande kizima, kama utando wa maziwa yaliyopoa. Hakuna bolti hata moja iliyopita hadi ndani. Hakuna washa pana ya kukaa chini ya nati. Hakuna bamba la chuma upande wa chini. Hakuna kitu!

Mbele kidogo ni Londiani. Msomaji wa Kenya hahitaji kuelezwa ni mahali gani hapo. Mwaka 2023 lori lilivamia watu waliokuwa kando ya barabara pale, wakafa zaidi ya 50, wengi wao watu waliotoka tu kutafuta riziki. Akina mama wa viazi na kabeji bado wanakaa kando ya barabara hii, na watoto wao wako nao. Paneli yenye kioo na fremu ya alumini, kilo kumi na zaidi, ikitoka juu ya gari kwa mwendo ule inatua wapi? Nikiwaza hilo mikono hunitetemeka, na ndipo ninapokosa subira na mtu anayeniambia eti "ni skrubu tu".

Mama mmoja alitupatia kamba aliyokuwa akifungia magunia, akakataa pesa. "Shukeni polepole," akasema. Tukaifungua paneli, tukailaza kitandani. Kericho ikatupokea kwa mvua yake ya alasiri, na maji yakaingia kupitia matundu yale moja kwa moja kwenye godoro.

Kisumu nilielekezwa kwa fundi wa jua kali, yaani fundi wa mtaani, karibu na soko la Kibuye. Hakuwa na bango wala cheti ukutani. Swali lake la kwanza lilikuwa, "Mama, hii gari inapita barabara gani?" Wale wa Nakuru niliwaambia wenyewe na hawakusikia; huyu aliuliza. Akapanda, akaanza kugonga paa kwa kifundo cha kidole, taratibu, akisikiliza. Mahali penye mlio wa debe tupu aliparuka. Mahali penye mlio mzito alitia alama ya chaki. Hizo ndizo mbavu za paa, chuma kilichopita chini ya bati kutoka upande mmoja hadi mwingine, na hapo ndipo mzigo unapopaswa kushikwa.

Akachomelea keria ya chuma cha mraba iliyolala chini kabisa. Akaifunga kwenye mbavu kwa bolti zilizopita hadi ndani, na ndani akaweka vibamba vya chuma vipana kiasi cha kiganja ili bolti isichane bati. Nati zake ni zile zenye plastiki ndani, ambazo mtikisiko hauzilegezi ovyo. Kila tundu alilipaka rangi ya kuzuia kutu kabla ya kupitisha bolti, kisha akalizungushia gundi ya poliyurethani, ileile ya kubandikia vioo vya mbele vya magari, ambayo ikikauka inabaki na mnyumbuko kidogo na haibanduki. Kati ya fremu ya alumini na chuma cha keria akaweka vipande vya raba alivyokata kwenye tyubu ya tairi. "Alumini na chuma zikigusana kwa maji zinakulana," akaniambia. Mwisho akachukua rangi nyeupe na brashi nyembamba, akapiga mstari juu ya kila nati na bolti yake. "Ukiona mstari umekatika, ujue nati imezunguka. Kaza." Sijawahi kuonyeshwa kitu rahisi na chenye akili kama hicho na mtu yeyote mwenye ofisi.

Nisimpambe kupita kiasi, lakini. Alinizungusha sana na "kesho asubuhi" zake, kesho ikawa nyingine na nyingine, na mgeni wangu mmoja akaenda Dunga na mtu mwingine. Keria yenyewe inapiga mluzi ukifika mbio 70, na mume wangu haipendi kabisa. Lakini haijasogea. Nimepita Salgaa na matuta yake yote, nimefika Kitale, nimerudi, nimepanda na kutazama mistari ile mmoja mmoja. Haijakatika.

Basi nikarudi dukani Nakuru. Nilibeba zile skrubu kwenye kopo, picha kwenye simu na risiti. Mume wangu alikuja kunisindikiza tu. Meneja alinisikiliza nusu dakika, kisha akageuza kiti, akamtazama mume wangu, akasema, "Mzee, mwambie mama atulie. Haya mambo ya ufundi tuongee sisi wanaume. Pengine alikuwa anaikimbiza."

Wateja walikuwepo. Msichana wa keshia aliinamisha macho. Mume wangu akamjibu, "Gari ni lake, ongea naye," na yule bwana akaendelea kumtazama yeye! Logbuku, ile hati ya kumiliki gari, ina jina langu. Pesa zilitoka kwenye simu yangu. Swali la ile miguu ya mbele niliuliza mimi, siku ile ile, mbele yake, na leo naambiwa nitulie kama mtoto aliyemwaga uji. Na kuhusu kukimbiza, gari la uzito ule kwenye miteremko ile nani analikimbiza? Lakini hata kama mtu angelikimbiza, paneli ilifungwa juu ya gari, na kazi ya gari ni kwenda.

Nikitulia kidogo, ambayo ni mara chache, nakiri kwamba upande wa umeme hawakukosea. Waya zimepangwa vizuri, fyuzi iko mahali pake karibu na betri, kidhibiti chaji kinafanya kazi, na friji haijazima tangu siku ile. Cheti cha EPRA, mamlaka ya serikali inayosimamia nishati, kiko ukutani kwao na nadhani wamekistahili. Mmoja wa vijana waliopanda juu ya gari alinifuata nje hadi kwenye maegesho, akaniambia kwa sauti ya chini, "Mama, pole sana. Tuliambiwa tumalize haraka, kulikuwa na gari ingine inangoja." Huyo nilimshika mkono. Kwa sababu yake nilitaka kuandika kwamba kwa sola ya nyumbani duka hili si baya, nendeni.

Hapana. Nimesoma sentensi hiyo mara ya pili na moyo umekataa. Mtu anayeharakisha vijana wake juu ya gari atawaharakisha juu ya nyumba yako pia, na siku bati litakapovuja ataomba kuongea na mume wako. Msiende.

Ibara ya 46 ya Katiba inampa mteja haki ya huduma ya ubora unaofaa, na inataja pia ulinzi wa afya na usalama wake. Nimewaandikia barua ya madai: pesa za kufunga, godoro, na kazi ya fundi wa Kisumu. Walijibu kwamba wako tayari kurudisha nusu, "kwa nia njema", na ujumbe huo waliutuma kwa nani? Kwa mume wangu. Nimekataa nusu. Mahakama ya Madai Madogo inasikiliza madai yasiyozidi shilingi milioni 1, na mtu anaweza kujisimamia mwenyewe bila wakili. Kopo la skrubu ninalo, na matundu ya paa nimeyapiga picha kila upande. Wakitaka tuyamalize kabla ya huko, namba ya simu wanayo, ndiyo ile iliyowalipa.